Je, Wajua? Mteremko mrefu unaoanzia Gisenyi

Je, wajua kwamba Gisenyi ndiko inakoanzia mojawapo ya njia ndefu na nzuri zaidi za baiskeli katika eneo letu? Inaitwa Congo Nile Trail. Ina kilomita 227, kutoka wilaya ya Rubavu, uliko mji wa Gisenyi, kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke hadi Rusizi. Kule Alpe d'Huez, Ufaransa, wapenzi wa skii hujivunia Sarenne, mteremko wa kilomita 16 unaoanzia Pic Blanc, mita 3,330 juu ya usawa wa bahari. Hapa theluji hakuna. Kuna magurudumu, na Ziwa Kivu liko mkono wa kulia karibu safari nzima.

Je, wajua kwamba kila mteremko wa njia hii una mpando wake? Kwenye ramani utaona mstari unaofuata ufuko, ila kila ghuba ina kilima cha kuvuka. Ziwa liko kwenye mita 1,460 hivi, na vilima vinapanda mamia ya mita juu yake. Kwa kawaida watu huhesabu siku 5 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Mwenye siku mbili tu aende Gisenyi hadi Kinunu na kurudi. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipande bora kuliko vyote.

Je, wajua asili ya jina lake? Mashariki mwa njia kuna mgongo wa milima unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande wa ziwa, maji hushuka Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, kisha kwa Lukuga hufika mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Ikinyesha ng'ambo ya pili, maji hushika njia ya Nyabarongo, Akagera, Ziwa Victoria na Nile mpaka Mediterania.

Je, wajua kwamba zamani Kivu lilimwaga maji yake kaskazini, upande wa Ziwa Edward? Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo maelfu ya miaka iliyopita.

Je, wajua kwamba kilomita chache tu baada ya kuondoka mjini unapita Rubona, kwenye chemchemi za maji moto? Watu huja kuloweka miguu na viungo vinavyouma. Jirani yake kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanza mwaka 1957. Na ziwa lenyewe limebeba gesi ya methani, takriban mita za ujazo bilioni 60. Karongi, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiigeuza gesi hiyo kuwa umeme tangu 2016, megawati 26.

Je, wajua kwamba isambaza, wale samaki wadogo wanaokaangwa na kuliwa wazima na pilipili, si wenyeji wa Kivu? Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni simama juu ya kilima chochote cha njia hii uwaangalie wavuvi wakitoka: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma kushikilia wavu, taa ziko tayari, na wapiga makasia wanaimba ili mikono iende pamoja. Usiache kusubiri waanze kuimba.

Je, wajua kwamba mabingwa wa kweli wa kuserereka milimani wako ng'ambo tu ya mpaka, Goma? Chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, nayo magurudumu yenyewe ni ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi. Kwenye tambarare dereva huweka goti moja juu ya ubao, mahali palipopigiliwa kipande cha ndala, na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Akifika kwenye mteremko wa kutoka Kibumba, kaskazini mwa mji, husimama na kuuachia mzigo umvute: makaa, viazi, kabichi, magunia kwa magunia. Breki yake ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Goma imewajengea madereva hao sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na wanaistahili kabisa. Mji ule unakula kwa jasho lao.

Je, wajua kwamba waendesha baiskeli wa Tour du Rwanda nao huijua miteremko ya Rubavu? Mji huu umepokea hatua nyingi za mashindano hayo. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Je, wajua kwamba skii zimewahi kufika Kilimanjaro? Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda nazo hadi juu, na barafu moja ya kileleni ina jina la Furtwängler mpaka leo. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati, alishiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe alimsubiri kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya katika skii za miteremko ya milima huko Pyeongchang.

Je, wajua wakati mzuri wa kupita Congo Nile Trail? Juni hadi Agosti. Machi hadi Mei udongo mwekundu hunata kwenye magurudumu mpaka yakwame, na mteremko wa raha ukageuka wa hatari. Kagua breki zako mjini Gisenyi kabla ya kuondoka, kwa sababu vijiji vya Rutsiro viko mbali na maduka ya vipuri.