Bomba la Damu Lisichelewe Bombo

Mkazi wa Pongwe, penye mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji kando ya barabara ya Tanga kwenda Segera, akishikwa na homa zisizokatika, uchovu na kuvuja damu kwenye fizi, nyumbani watu huwaza malaria kwanza. Hawakosei, pwani hii malaria ina haki ya kushukiwa mapema. Lakini kipimo kikiikanusha na fizi zikaendelea kuvuja, upo ugonjwa wa nadra usiongoja: saratani kali ya damu ya mailoidi, ambayo madaktari huiita AML. Ndani ya uboho, mahali damu inapotengenezwa, chembe changa zisizokomaa huzaana na kuzisonga zilizo nzima. Nyekundu zikipungua mtu huishiwa nguvu, nyeupe nzima zikipungua maradhi humvamia, na chembe sahani zikipungua damu haigandi. Kipimo cha FBP, cha kuhesabu chembe za damu, na jicho la fundi kwenye hadubini vyaweza kuuibulia shaka. Ninachodai hapa ni kwamba kuushuku, na hata kuupa jina la AML, hakutoshi. Lazima vinasaba vyake visomwe, na kuvisoma si anasa ya nchi tajiri.

Sababu ni kuwa AML ni jina moja la magonjwa mengi. Chini ya hadubini chembe za wagonjwa wawili huweza kufanana kama nazi mbili sokoni, na iliyooza haijulikani mpaka zivunjwe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walisoma kwa mara ya kwanza vinasaba vyote vya saratani ya mgonjwa mmoja, mwanamke mwenye AML, wakavilinganisha na vya ngozi yake. Kati ya herufi zipatazo bilioni tatu walikuta jeni kumi tu zilizoharibika, zikiwamo NPM1 na FLT3. Jeni hizo mbili leo zina uzito mkubwa. Kasoro ya NPM1, inayopatikana kwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu wenye AML, ikiwa peke yake huashiria kwamba dawa za kawaida zina nafasi nzuri ya kufanya kazi. Ikifuatana na kasoro fulani ya FLT3, matumaini hupungua na matibabu hubadilika. Mwaka 2021 watafiti wa chuo hichohicho walionyesha kuwa kusoma vinasaba vyote kuliongeza taarifa mpya kwa karibu robo ya wagonjwa 117 waliopimwa mfululizo, na majibu yalipatikana kwa takriban siku tano.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni aina ya AML iitwayo APL. Vipande vya kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana mahali, na jeni mbili zisizohusiana huungana. Mgonjwa huweza kufa kwa kuvuja damu ubongoni ndani ya siku chache. Hata hivyo, akiwahiwa, hakuna AML inayotibika vizuri zaidi. Dawa zake ni vidonge vya ATRA, vinavyotokana na vitamini A, pamoja na dawa ya aseniki, na zote mbili zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Ndiyo maana daktari anayeishuku huanza ATRA papo hapo, huku kipimo cha jeni kikifuata kuthibitisha. Kumpa mtu huyu tiba ya AML ya kawaida kwa kutojua ni hasara isiyostahili kuvumiliwa.

Wapo watakaouliza: tusome jeni za nini, ikiwa dawa mpya hazishikiki kwa bei na upandikizaji wa uboho ni wa wachache? Swali ni la haki. Lakini kujua ni nani anahitaji uboho wa ndugu yake na nani anaweza kupona bila huo ndiyo njia ya kugawa kichache kilichopo. Na kichache hicho kinakua: Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upandikizaji mwaka 2021 kwa kutumia chembe za mgonjwa mwenyewe, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wenye selimundu. Tena tunao mfano wa nyumbani. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, wagonjwa wa saratani sugu ya damu, CML, walipata dawa ya imatinib kwa msaada, na sharti la kuipata lilikuwa uthibitisho wa kasoro ya kromosomu. Hapo kipimo ndicho kilichofungua mlango wa dawa.

Pingamizi la pili ni mashine. Hakuna anayedai kila hospitali ya mkoa iwe na yake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, yenye kituo Tanga, imekuwa ikikusanya matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi kutoka mikoani na kusoma jeni za vimelea vya malaria. Kwa njia hiyo ndipo vimelea vyenye dalili za usugu kwa dawa ya atemisinini vilipogunduliwa Kagera. Watafiti wa Muhimbili nao, pamoja na washirika wa Uganda na Oxford, wamechunguza vinasaba vya limfoma ya Burkitt vinavyoelea kwenye damu ya watoto. Ujuzi wa kusafirisha sampuli na kuisoma, basi, haujatoka mbali. Kinachokosekana ni njia ya kawaida, yenye bajeti na muda uliopangwa, ya kulitoa bomba la sampuli ya damu Hospitali ya Bombo, Tanga, siku ileile AML inaposhukiwa, lifike Dar es Salaam, takriban kilomita 350, wakati mgonjwa akiandaliwa kwa rufaa, na majibu ya jeni tatu au nne zinazobadilisha tiba yamkute wodini kabla kozi ya kwanza ya dawa haijaamuliwa.