Kumi na Mmoja Kati ya Wangapi?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri feri ya Likoni bado haijabanana. Wavulana kumi na wanne wamesimama ubavuni, jezi zimo kwenye gunia moja, na kipa amevaa glavu tangu nyumbani kwa kuhofia kuzisahau. Mimi nimekumbatia bahasha ya vyeti vya kuzaliwa. Ng'ambo tutapanda matatu hadi uwanjani kukutana na shule iliyochuja kikosi chake siku tatu, asubuhi na jioni, hadi wakabaki ishirini. Sisi hatukuchuja mtu. Niliuliza ni nani anayeweza kucheza, ikainuka mikono kumi na sita, kisha wawili wakaugua.

Nimefundisha hesabu na kusimamia mpira katika shule ndogo ya kutwa upande wa Likoni kwa miaka mingi, na kila msimu huambiwa maneno yale yale: mwalimu, mpira ni kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Filimbi ikishalia, ni kweli. Swali langu ni la kabla ya filimbi. Hao kumi na mmoja wametoka kati ya wangapi?

Mashindano yetu husimamiwa na chama cha michezo ya shule za upili, KSSSA, na ngazi zake kila mwalimu wa michezo anazijua: kaunti ndogo, kaunti, eneo zima la Pwani lenye kaunti sita, taifa, kisha FEASSA ambako shule za Kenya hukutana na za Uganda, Tanzania na majirani wengine. Wizara ya Elimu ina madaraja yake manne ya shule, lakini mpira hauyatazami. Shule yenye wavulana 90 na yenye wavulana 1,200 huingia mlango mmoja na kugombea kombe moja.

Tuifanye hesabu, maana bila hesabu mjadala huu hugeuka malalamiko ya waliofungwa. Chukua kipaji adimu: kipa mrefu asiyeogopa krosi, au beki wa kushoto ambaye mguu wake wa kushoto ndio wa kuzaliwa nao. Tukadirie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba kijana wa namna hiyo hupatikana mmoja katika kila wavulana 200. Shule yenye wavulana 100 ina uwezekano wa asilimia 39 hivi wa kuwa na angalau mmoja. Yenye wavulana 800 ina asilimia 98. Sasa timu haijengwi kwa kipaji kimoja. Ukitaka vipaji vitatu vya aina tofauti, kila kimoja adimu kiasi hicho, na uvipate vyote mwaka mmoja, shule ndogo huporomoka hadi asilimia 6, na kubwa husimama karibu na 95.

Hesabu hiyo hiyo ina upande mwingine ambao wengi hawauoni. Faida ya wingi haiendi juu bila kikomo. Kutoka wavulana 100 hadi 400, uwezekano wa kumpata yule beki hupanda kutoka 39 hadi 87. Kutoka 800 hadi 1,600 hauongezeki kitu cha kusikika uwanjani, kwa kuwa nafasi ya beki wa kushoto ni moja tu hata shule iwe na watoto wa mji mzima. Kwa hivyo mimi sizilaumu shule kubwa kwa ukubwa wake. Anayeumia ni yule wa chini kabisa, na anaumia hata akicheza na shule ya wastani.

Hapo ndipo mwenzangu mmoja hunikatiza: mbona mwaka fulani shule ndogo ilimfunga bingwa? Ilimfunga, na itamfunga tena. Soka ni mchezo wa mabao machache, na penye mabao machache bahati hupata kiti. Tuseme timu kubwa kwa wastani hufunga mabao mawili kwa mechi dhidi ya ndogo, na ndogo hufunga moja. Huo ni mwanya mkubwa. Hata hivyo ukipiga hesabu, timu ndogo itashinda mara 18 katika kila mechi 100, na zitatoka sare mara 21. Gawanya zile sare nusu kwa nusu kwenye mikwaju ya penalti, utaona ndogo husonga mbele karibu mara 29 katika 100. Ni karibu mechi moja kati ya tatu, na ndiyo maana hadithi za Daudi na Jaluti hazitukaukii. Lakini kombe halichukuliwi kwa mechi moja. Kushinda mbili mfululizo kwa uwezekano huo ni mara 8 katika 100. Kushinda nne mfululizo hakufiki mara 1. Ajabu ya siku moja hutokea. Ubingwa wa ajabu karibu haupo.

Na hapo sijagusa miguu. Mashindano ya shule hubanwa ndani ya siku chache, kwa sababu watoto wana masomo na kuwalaza nje ni gharama. Timu ikifika mbali hucheza leo, kesho na kesho kutwa. Siku ya kwanza vijana wangu kumi na wanne huweza kumkimbiza yeyote. Siku ya tatu winga ananyoosha shavu la mguu kwenye mstari, kiungo anacheza na kifundo kilichofungwa kitambaa, na nikigeuka benchi namwona kijana mdogo ambaye njumu alizovaa ni za kakake. Mwenzangu wa upande wa pili anaingiza watano wapya. Hiyo ndiyo maana ya ukubwa wa shule ambayo hakuna anayeitangaza kwenye matokeo: wa kumi na sita wao analingana na wa tano wetu.

Wenzetu wa mbali wamelihangaikia jambo hili muda mrefu. Huko Indiana, Marekani, mpira wa vikapu wa shule ulikuwa wa mlango mmoja kama soka yetu. Mwaka 1954 shule ya mji mdogo wa Milan, yenye wanafunzi 161, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa kuifunga Muncie Central 32 kwa 30, na kisa hicho bado kinasimuliwa. Lakini jimbo hilo halikusubiri Milan nyingine milele: kuanzia msimu wa 1997 na 1998 waligawa shule makundi manne kwa idadi ya wanafunzi. Kuna wazee wa kule wanaosikitika hadi leo kwamba mabingwa wamekuwa wengi na utamu umepungua, na mimi sidharau huzuni yao. Texas nayo hupanga shule zake katika madaraja sita, na kila baada ya miaka miwili huhesabu upya. Katika ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi, shule ndogo kabisa hucheza watu sita kila upande, mtindo uliobuniwa Nebraska mwaka 1934 na mwalimu Stephen Epler kwa sababu vijijini hawakutimia kumi na mmoja. Mtu yule nampenda. Aliona watoto hawatoshi, akaupunguza mchezo badala ya kuwapunguza watoto.

Je, tuchukue mfumo wa Indiana au Texas tuivishe Mombasa? Hapana, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni wazi. Kaunti ndogo kama Likoni au Changamwe haina shule za upili za kutosha kugawanywa makundi manne. Utapata kundi la shule mbili zikichezana kila mwaka kama ndugu wa nyumba moja.

Ya pili ndiyo ninayotaka kuikalia, kwa kuwa inabadilisha swali lenyewe. Idadi ya wanafunzi peke yake hudanganya. Shule nyingi za kutwa za bara la Mombasa ni za mseto. Zikiandikwa wanafunzi 400, pengine wavulana ni 200, na hao hao ndio wa voliboli na raga, kama vile wasichana hao hao ndio wa netiboli na timu yao ya soka. Shule ya wavulana watupu yenye 400 ina mara mbili ya akiba yetu, ingawa karatasi inasema tuko sawa. Kisha kuna mlango wa kuingilia. Mwanafunzi wa kutwa hutoka umbali wa kutembea au wa nauli anayoimudu mzazi. Shule ya bweni huweza kumpokea kijana kutoka kaunti yoyote. Bweni lenye wavulana 300 waliotoka nchi nzima ni kubwa, kimpira, kuliko shule ya kutwa ya wavulana 500 wa mtaa mmoja. Illinois waliliona hili, na tangu 2005 shule zisizofungwa na mipaka ya mitaa, zikivuka kiwango fulani, idadi yao huzidishwa kwa 1.65 kabla ya kupangiwa kundi.

Mlango huo unaonekana hata hapa Mombasa: sensa ya 2019 iliikuta Kisauni na watu 291,930 na Likoni 250,358, zote mbili za bara, huku Mvita, yaani kisiwani, wakiwa 154,171. Lakini shule zenye majina makongwe, kama Allidina Visram, Khamis na Serani, ziko kisiwani. Kwa hivyo wengi wa watoto wanaishi bara, na kila asubuhi baadhi yao huvuka feri, daraja la Nyali au Makupa kwenda kusoma ng'ambo, wakiwamo wenye miguu mizuri. Shule kongwe ya bweni ya wavulana iliyoko bara, Shimo la Tewa kule Shanzu, nayo hupokea wanafunzi kutoka mbali. Bara limejaa wachezaji, ila daftari la shule ndogo ya bara halijajaa.

Nilikuwa na kijana mmoja wa mguu wa kushoto. Nilimpata akicheza pekupeku kwenye uwanja wa mchanga, nikamfundisha namna ya kuliangalia lango kabla mpira haujamfikia. Tulipofika ngazi ya kaunti alifunga bao lililomfanya hata refa atabasamu. Januari iliyofuata nilimkuta kivukoni na sanduku la bati, mamake amemshika begani. Shule moja ya mbali ilikuwa imempa nafasi ya kusoma bila karo. Nilimwambia mamake, "Hongera dada, umefanya vyema," na nilimaanisha, kwa kuwa mimi sikuwa na cha kumpa zaidi ya mazoezi. Msimu wa mpira ulipofika tulikutana nao. Alitufunga mawili. Mechi ilipokwisha alikuja mbio, akainama, "Shikamoo mwalimu," na machozi yalinilengalenga.

Sitaki sheria ya kumzuia kijana kama huyo. Uhamisho wa kweli, wa mtoto wa maskini kupata masomo, si sawa na mamluki wanaosajiliwa wiki mbili kabla ya mashindano na kutoweka baadaye. Ila anapoondoka, hesabu ya shule aliyoiacha na ya aliyokwenda ionyeshe hivyo.

Mambo yanakaribia kuwa magumu zaidi. Mfumo wa 8-4-4 ulitupa wavulana wa vidato vinne. Sekondari pevu ya mtaala mpya, ambayo Gredi yake ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026, ni ya miaka mitatu. Mfumo ukikamilika, kila shule itakuwa imepoteza robo ya akiba yake. Kwa shule ya wavulana 800 hiyo ni kero. Kwa ya wavulana 100 ni kukosa kipa. Juu ya hayo, mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo haufundishwi kila mahali, maana unahitaji walimu na viwanja. Mtoto anayeupenda mpira kiasi cha kutaka kuusomea atalazimika kuiacha shule ya jirani isiyo na mkondo huo.

Na fedha hufuata vichwa. Mgao wa serikali uliowekwa 2018 ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ndani yake shilingi 1,500 ni za michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Shule ya wanafunzi 240 hupigiwa hesabu ya 360,000. Ya wanafunzi 1,400 hupigiwa 2,100,000. Lakini seti ya jezi ni ile ile, na kukodi matatu ya kwenda Kisauni na kurudi hakujui shule ina watoto wangapi. Mgao huo ungekuwa na kima cha chini kwa kila shule, kisha ndipo vichwa vihesabiwe, shule ndogo zingepumua kabla hata ya kugusa sheria za mashindano.

Kuhusu sheria zenyewe, mimi ningeuacha mlango mmoja hadi mwisho wa ngazi ya kaunti ndogo, kwa sababu watoto wetu wanastahili nafasi yao ya kumi na nane katika mia. Fomu ya timu ningeiongezea safu mbili: idadi ya wavulana au wasichana pekee, na kaunti ndogo ambako kila mchezaji alimalizia shule kabla ya kujiunga. Kisha ngazi ya kaunti ningeweka kombe la pili. Mvita, Nyali, Jomvu, Changamwe, Kisauni na Likoni kila moja ingepeleka shule yake ndogo iliyofika mbali zaidi, udogo ukipimwa kwa safu zile mbili. Timu sita, makundi mawili ya tatu tatu, kisha fainali: mechi saba kwa jumla. Zingechezwa uwanja wa Bomu kule Changamwe, na kila timu ipewe siku nzima ya kupumzika kati ya mechi na mechi, ili wale kumi na wanne wafike fainali wakiwa bado kumi na wanne.