Kilemba Kisiwe cha Ukoka

Katika miji ya pwani yetu palikuwa na ada iliyoheshimiwa na tajiri na maskini sawasawa, kwamba fundi akimaliza kazi, au mwalimu akimhitimisha mwanafunzi wake, hupewa kilemba. Jina hilo lilitokana na kitambaa chenyewe cha kuzungusha kichwani, lakini kwa kupita miaka maana yake ilitanuka, ikawa ni hidaya yoyote, nguo au fedha, inayotolewa juu ya ujira uliopatanwa, ili aliyetoka jasho arudi kwake akijua kwamba kazi yake imeonekana. Watu hao hao walioweka ada hiyo walitambua kwamba yaweza kuigizwa, wakatunga msemo wa kuwaumbua waigizaji: kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumsifu kwa sifa zisizo na kitu ndani yake. Ukoka ni majani. Alfajiri, yakiwa na umande, hupendeza kichwani kama hariri ya kijani, na jua la adhuhuri likipiga huwa yamekwisha nyauka, naye aliyevikwa amebaki na mwasho.

Nimeanza na kilemba kwa sababu siku hizi, katika ofisi na katika vyama vya hisani, yanazungumzwa sana mambo ya kuwashukuru watumishi wasaidizi na watu wanaojitolea, na aghalabu kitu ninachokiona kikitolewa ni ukoka. Nia ni njema, sina shaka nayo. Kinachokosekana ni maarifa ya kazi yenyewe inayoshukuriwa.

Watumishi ninaowasema ni tarishi anayepeleka barua na kurudi na saini katika kitabu chake, mhudumu anayefungua madirisha kabla bosi hajaamka, dereva, bawabu wa lango, mhazili, na karani wa masjala. Huyu wa mwisho namchukua kwa mfano, kwa kuwa niliwahi kukaa miezi kadhaa katika chumba kinachopakana na masjala, nikaona mambo ambayo wengi wa wale wanaoomba majalada kwa simu hawajapata kuyaona. Barua ikiingia, karani huipiga muhuri wa tarehe, huiandika katika daftari la barua zinazoingia, hutafuta jalada inalostahili, huitoboa matundu mawili, huifunga kwa kamba, kisha huandika namba katika pembe ya juu ya karatasi, ili siku mtu akiichomoa kwa hila pengo lake lionekane. Jalada likitoka huandikwa limekwenda kwa nani na siku gani. Kama barua yahitaji jibu baada ya majuma matatu, karani huiandika katika kitabu cha kukumbusha, na siku hiyo ikifika jalada hutokea juu ya meza ya mkubwa kana kwamba limejileta lenyewe. Mkubwa hujibu, husifiwa kwa wepesi wake wa kujibu, na hajui kwamba wepesi huo umetunzwa na mtu mwingine katika chumba chenye vumbi.

Hapo ndipo ilipo taabu ya kazi hizi zote: zikifanywa vizuri hazionekani. Sakafu iliyofagiliwa haisemi imefagiliwa. Sakafu chafu ndiyo inayopiga kelele. Barua iliyofika haimkumbushi mtu tarishi, bali iliyopotea hulifanya jina lake litajwe mara kumi kwa siku moja. Kwa hiyo mtumishi msaidizi, mkubwa wake asipofanya juhudi ya makusudi, husikia jina lake wakati wa makosa tu, na mtu anayesikia jina lake wakati wa makosa tu huanza kuliogopa jina lake.

Wako wakubwa wanaojitetea kwa methali. Husema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi tusiwasifu watu, watalegea. Nami naiheshimu methali hiyo, lakini naomba itazamwe vizuri. Mgema aliyelitia maji tembo lake alikuwa amesifiwa na wanywaji waliokwisha kulewa, waliosema kwa ujumla kwamba hapana mgema kama yeye. Laiti mmoja wao angalisema kwamba tembo la jana lilikuwa kali na safi, halikuwa na nyuki hata mmoja wala lile la leo halijachacha, mgema yule angalijua kwamba mbele yake amekaa mtu anayeonja, na asingalithubutu kutia hata tone. Sifa ya jumla ndiyo inayoharibu watu. Sifa inayotaja jambo lenyewe, siku yake na namna lilivyofanywa, ni uangalizi na ni heshima kwa pamoja, na mtu mwenye insafu hupokea vyote viwili kwa furaha.

Wenzetu wa Marekani wamelijaribu jambo hili kwa njia ya sikukuu, na habari yao ina mafunzo. Mwaka 1952, wakati makampuni yalipokuwa na upungufu wa wahazili, chama cha taifa cha wahazili pamoja na watu wa biashara ya matangazo na ya vyombo vya ofisi waliweka juma maalumu la kuwaenzi, la kwanza likiwa katika mwezi wa Juni; baadaye likahamishwa kwenda Aprili, na tangu mwaka 2000 jina lake limepanuliwa likawajumuisha watumishi wote wa uendeshaji wa ofisi. Mabosi wakazoea kununua maua na kuwapeleka wahazili wao kula chakula cha mchana. Ikapita miaka ishirini hivi. Mwaka 1973, mjini Boston, makarani wa kike waliunda jumuiya waliyoiita 9to5, kwa saa zao za kazi, wakaeleza bila kificho kwamba wanataka nyongeza ya mshahara na staha mahali pa kazi, si mawaridi. Hawakuwa watovu wa adabu. Walikuwa wamegundua kwamba ua moja la Aprili limewekwa mahali pa haki ya miezi kumi na miwili.

Wazee wetu wangaliwaelewa wanawake wale upesi sana, maana kilemba kwa desturi kilikuja juu ya ujira, hakikuja badala yake. Huvikwa mtu aliyekwisha vaa kanzu. Huwezi kumzungushia kilemba mtu aliye uchi ukadai umemsitiri. Mshahara unaochelewa, saa za ziada zisizolipwa, likizo inayoahirishwa mwaka baada ya mwaka, hayo hayaponywi na cheti kilichotiwa katika fremu. Lugha yetu yenyewe imetenga mambo haya: ujira ni haki ya kazi, kiinua mgongo ni cha mtu aliyeinama miaka mingi na sasa anasimama kwenda kupumzika, na kilemba ni cha moyo. Anayetoa cha moyo huku amezuia cha haki amevuruga hesabu.

Kwa anayejitolea hesabu ni tofauti, kwa kuwa yeye ujira hakuuomba, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Baraza Kuu la tarehe 17 Desemba 1985, uliitenga tarehe 5 Desemba ya kila mwaka kuwa siku ya wanaojitolea duniani, na siku hiyo hotuba huwa nyingi. Lakini siku nyingine zote husikika methali moja ikitumiwa vibaya: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Methali hii ni nzuri mno, nami nimeishika maishani. Ila haikuandikiwa mtu aliyetendewa. Imemwambia mtenda wema asingoje; haikumwambia mtendewa asishukuru. Kiongozi wa chama anayewasomea vijana wake methali hiyo wakati wao wamejilipia nauli ya mabasi mawili kuja kupanga viti vya mkutano amechukua wasia wa mtu mwingine akaufanya ngao ya ubahili wake. Nauli ile, na maji ya kunywa, na kivuli cha kukaa, si shukrani kabisa. Ni gharama ya kazi, na chama kinachomwacha anayejitolea ailipe kimepokea mchango wa fedha bila kutoa risiti.

Kenya imetoa mfano unaostahili kutazamwa. Kwa miaka mingi watu wa kujitolea walipita nyumba hadi nyumba vijijini na mitaani wakiwauliza kina mama wajawazito hali zao, wakiwakumbusha wazazi chanjo za watoto, wakiwasindikiza wagonjwa zahanati, na wengi wao hawakuwa na malipo ya kutegemea. Mwezi wa Septemba mwaka 2023, katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, Rais William Ruto aliwazindua wapatao 100,000 kwa jina jipya na kwa vifaa: mkoba wenye chombo cha kupimia shinikizo la damu, cha kupimia sukari, kipimajoto, mizani, pamoja na simu ya kuandikia habari za kila nyumba. Posho ikapangwa kuwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kiasi hicho si kikubwa kwa mtu mwenye watoto, na posho ni ahadi inayopimwa upya kila mwisho wa mwezi. Lakini mkoba ule ndio ulionigusa zaidi. Mtu aliyekuwa akibisha hodi akiwa na maneno matupu, sasa hubisha akiwa na chombo mkononi. Jirani humvulia mkono apimwe, na kwa kitendo hicho humkubali kuwa mtu wa kazi. Kumpa mtu zana nzuri ya kazi yake ni shukrani isiyohitaji hotuba.

Na vijana waliomaliza vyuo, wanaojitolea mashuleni na hospitalini kwa matumaini ya kuajiriwa siku moja, nao wana haki ya shukrani ya namna yao. Wengi huondoka na barua ya mistari mitatu isemayo kwamba fulani alikuwa nasi na alikuwa na tabia njema. Barua hiyo ni ukoka. Mwalimu mkuu aandike kwamba kijana huyu alifundisha hesabu kidato cha pili kwa mihula mitatu, vipindi kumi na viwili kwa juma, akaanzisha masomo ya jioni kwa waliochelewa. Barua hiyo itamfungulia mlango ambao mkuu huyo mwenyewe hawezi kumfungulia kwa mkono wake.

Katika Tanzania tunayo Mei Mosi, na wafanyakazi hodari wanaoitwa mbele kutunzwa. Ni desturi njema, na iendelee. Ila hodari mmoja huitwa na wengine wote hupiga makofi, kisha mwaka mzima hupita. Katika ngoma zetu mambo hayakuwa hivyo. Mcheza kwao hutunzwa, na hutunzwa ngoma ikingali inalia: mtu huinuka kitini, humwendea mchezaji mwenyewe, humbandika noti kwenye paji la uso lenye jasho, naye mchezaji hajapoteza mapigo. Hakuna aliyengoja kamati.

Kuna na shukrani isiyogharimu hata senti, nayo kwetu imo katika salamu. Nilimjua mkurugenzi mmoja kijana ambaye kila asubuhi, akifika mlangoni, alimkuta mama mhudumu amekwisha maliza kupiga deki, ameinama akikamua tambara. Watu wazima wengi katika jengo lile walipita wakisema "Mambo?" au wasiseme neno. Kijana yule husimama, huweka mkoba chini, na kusema, "Shikamoo, mama." Naye hujibu bila kuinuka haraka, kama ajibuye mtu wa nyumbani, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Cheo cha mmoja na umri wa mwingine vilikutana hapo mlangoni kwa amani kila siku. Sikupata kusikia mama yule akiombwa mara ya pili kufanya jambo na kijana yule.

Nirudi masjala. Karani niliyekuwa jirani yake amekwisha staafu, nami nilimtembelea kwake mwaka jana. Nilimwuliza, katika kazi yake yote, ni shukrani gani anayoikumbuka. Hakutaja sherehe ya kuagwa, ambayo nilihudhuria na ambayo hotuba yake ingalimfaa mtu yeyote. Alinisimulia habari ya mzee mmoja, dereva mstaafu, ambaye mafao yake yalikwama kwa kukosa barua yake ya kwanza ya ajira. Ofisi tatu zilimrudisha. Karani alishinda siku mbili katika stoo ya majalada ya zamani, kitambaa puani, akifungua mafurushi yaliyotafunwa na panya, mpaka akaiona ile barua ikiwa imeshikana na karatasi nyingine kwa unyevu. Akaitenga polepole kwa ncha ya rula.

Miezi minne baadaye mzee alirudi, amevaa kanzu, na doti ya kanga chini ya kwapa. Hakutoa hotuba. Alisema, "Mama, nimeambiwa uliingia katika vumbi lile siku mbili, na kwamba barua hukuichana." Karani alikwenda kwanza kumwonyesha mkuu wake zawadi ile, kwa maana mtumishi wa umma hapokei kitu gizani, ndipo akaipokea.

"Alijua kwamba sikuichana," aliniambia. Kisha akainuka, akafungua sanduku lake, akanionyesha doti yenyewe, vipande viwili vingali vimeungana, haijakatwa wala haijapindwa, imekunjwa kama ilivyotoka dukani.