Roberto Clemente: Mchezaji Aliyeusindikiza Msaada Mwenyewe

Besiboli si mchezo wetu: mpira mdogo unarushwa, unaupiga kwa gongo, halafu unatoka mbio. Lakini mchezaji huyu inafaa tumjue.

Roberto Clemente alizaliwa mwaka 1934 huko Carolina, Puerto Rico. Baba yake alikuwa msimamizi katika mashamba ya miwa. Mwaka 1955 alianza kuchezea Pittsburgh Pirates ya Marekani. Waandishi walikicheka Kiingereza chake, tena wakapenda kumwita Bob. Yeye akakataa. Jina lake ni Roberto, basi.

Alibaki timu hiyohiyo miaka 18, wakachukua ubingwa mara mbili, 1960 na 1971. Septemba 30, 1972, alifikisha mapigo 3,000. Hilo ndilo likawa pigo lake la mwisho katika msimu wa kawaida wa ligi.

Desemba 23 tetemeko lilibomoa mji wa Managua, Nicaragua. Clemente akakusanya chakula, dawa na nguo. Kumbe habari zikaja kwamba misaada inaishia mikononi mwa wanajeshi! Akaamua kwenda mwenyewe, ili wenye shida wapate. Desemba 31 ndege ilizidishiwa mzigo, ikaanguka baharini. Alikuwa na miaka 38, akaacha mke na watoto 3. Mwili wake haukuonekana.

Sisi tunaopanga foleni ya mgao tunaelewa: msaada kutolewa ni jambo moja, kumfikia mlengwa ni jingine. Wazazi, wasimulieni watoto habari za Roberto, na jina lake mlitaje sawasawa.