Kikao ni cha Nani?

Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshakaa mapokezini, Mwanza, faili magotini na tai imekaba shingo. Kikao kilipangwa saa nne na nusu. Tiketi yangu ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa ya saa kumi na nusu alasiri, ya bei ya chini kabisa, na ofisini nilikuwa nimeshajisifu kwa kuipata. Saa tano katibu muhtasi akatoka. "Kaka, samahani sana. Bosi ameitwa kikao cha dharura. Amesema umsubiri, atakuona saa tisa."

Saa tisa ya bosi ni saa kumi. Nilitoka pale saa kumi na moja, mkataba umesainiwa na ndege imeondoka. Tiketi ilikuwa imekufa. Nikanunua nyingine ya kesho yake kwa nauli ya dakika za mwisho, nikalipa chumba, nikala sato wa kukaanga ambaye kwa hesabu zangu ndiye sato ghali kuliko wote niliowahi kula.

Sijaeleza hayo ili kukwambia ununue kila mara tiketi inayobadilika, ile isiyotozwa faini ukihama tarehe. Hapana. Wengi wanaoinunua kila mara wanapoteza fedha, tena nyingi, ila hasara yao haina kelele: hakuna anayekosa ndege, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Tuanze na shirika la ndege lenyewe. Ndege ya ATR 72, zile zenye mapangaboi zinazotua mikoani, ina viti 70 hivi. Kiti kikiruka kitupu hakiuziki tena, kama samaki aliyelala sokoni bila barafu. Shirika linataka kukijaza, lakini halitaki kumuuzia kwa bei ya chini mtu ambaye angelipa bei ya juu. Anayekwenda harusini anaijua tarehe miezi mitatu kabla. Mtu wa kazini anaambiwa Jumatatu kwamba anatakiwa Jumatano. Shirika haliwezi kumuuliza kila mteja anakwenda kufanya nini, kwa hiyo linaweka masharti yajibu badala yake. Mwaka 1977, American Airlines ya Marekani ilitoa nauli iliyoitwa Super Saver: bei chini sana, lakini sharti ununue mapema na ukae huko siku kadhaa kabla ya kurudi. Mfanyabiashara wa kwenda na kurudi alijikuta nje ya mlango bila kufukuzwa na mtu. Kwetu, wengi tulilifahamu jambo hili mwaka 2012, Fastjet ilipoingia Dar es Salaam ikitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Ndipo tulipozoea kwamba jirani wa kiti cha pili anaweza kuwa amelipa theluthi ya ulicholipa wewe.

Viti vile vile vimegawanywa mafungu, na kila fungu lina bei na masharti yake. Fungu la chini likiisha, linafunguliwa la juu. Hapo ndipo penye mtego ambao wasafiri wengi hawauoni. Wanasoma faini ya kubadilisha tarehe, wanasema "si kubwa", wanalipia. Hawasomi mstari wa pili: pamoja na faini, unalipa tofauti ya nauli. Siku unayobadilisha, fungu ulilonunulia limekwisha zamani. Mwaka 2020 mashirika makubwa ya Marekani yalifuta faini hiyo kwa tiketi nyingi za safari za ndani, watu wakashangilia, lakini tofauti ya nauli ilibaki pale pale.

Tuchukue mfano wa namba za kufikirika. Tiketi iliyofungwa, ile ambayo kuibadilisha kuna faini, ni shilingi 180,000. Inayobadilika ni 290,000. Unalipa 110,000 zaidi kununua uhuru. Ukiwa na ile iliyofungwa na safari ikahama, utalipa faini, tuseme 60,000, na tofauti ya nauli 110,000, jumla 170,000. Gawanya 110,000 kwa 170,000: unapata kama asilimia 65. Maana yake, uhuru unaanza kulipa iwapo karibu safari mbili kati ya tatu zinahama. Nani ana ratiba mbovu kiasi hicho? Lakini ukichelewa kama mimi, bila kulipigia shirika simu kabla ndege haijaondoka, tiketi yote inakufa na unanunua mpya ya 290,000. Sasa gawanya 110,000 kwa 290,000: asilimia 38. Pengo hilo kati ya 65 na 38 ni bei ya simu moja. Saa tano asubuhi ile, nikiwa na saa tano na nusu mkononi, ningempigia wakala wangu. Sikupiga, kwa sababu nilitumaini. Matumaini si kosa, ila yana bei, na mimi niliilipa.

Kwa hiyo swali la kwanza si "tofauti ni kiasi gani?" bali "kikao ni cha nani?" Kama wewe ndiye mwenyekiti, kama ni mafunzo yenye watu arobaini waliokwisha kulipiwa ukumbi, nunua iliyofungwa na ulale usingizi. Kama unakwenda kuomba saini, kukusanya deni au kusubiri kibali, ratiba si yako. Ni ya mtu ambaye hata simu yako haipokei.

Na hata hapo, kwenda na kurudi si kitu kimoja. Kwenda unajua unaondoka lini. Kurudi ndiko kunakoyumba. Njia nyingi za ndani zinauzwa kila upande kwa bei yake, hivyo hakuna kinachokulazimisha kuzifunga pamoja. Mimi siku hizi naenda kwa tiketi iliyofungwa na kurudi kwa inayobadilika. Wakala akishangaa, namwacha ashangae.

Tahadhari: tiketi inayobadilika inakupa haki ya kuhama, haikupi kiti. Kwenye mji wenye ndege moja kwa siku, na imejaa, uhuru wako ni karatasi. Kwa njia kama hiyo ni heri fedha hiyo ulipie usiku mmoja wa ziada uliopangwa, ukarudi kesho yake kwa tiketi iliyofungwa. Dodoma nako hesabu imegeuka tangu treni ya umeme ianze kufika huko mwaka 2024: ukikosa ndege, Dar es Salaam unafika jioni hiyo hiyo, mradi upate nafasi. Mwanza huna mbadala huo. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100.

Ofisi nyingi zinabishana kuhusu aina ya tiketi huku fedha zikivuja kwingine. Ombi la masurufu linakaa mezani kwa mkurugenzi siku sita likisubiri saini. Likitoka, mafungu matatu ya bei yameshakwisha, na afisa ununuzi ananunua tiketi iliyofungwa kwa bei iliyokuwa ya inayobadilika wiki iliyopita. Masharti ya ndala, bei ya buti.

Mhasibu wetu, mama mmoja asiyecheka na risiti, alinirudishia madai ya safari iliyofuata. Kikao kiliisha kwa wakati, sikubadilisha chochote. "Hii fedha ya juu ilikuwa ya nini, baba?" Nikamfungulia daftari ninaloandika kila safari: ilivyopangwa, ilivyokuwa. Za kwenda zilizohama zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Za kurudi alianza kuzihesabu kwa kalamu, akageuza ukurasa, akaendelea kuhesabu. Kisha akagonga muhuri.