Otojiro ya Jeshi la Uingereza: Ilinunuliwa kwa mizinga, ikafaa kwa rada

WATU wengi waionapo picha ya otojiro hudhani ni helikopta ya zamani. Kosa hilo linaeleweka, kwani juu yake kuna mapanga marefu yanayozunguka. Hata hivyo, angani mapanga hayo hayasukumwi na injini. Injini huzungusha panga dogo la mbele tu, kama katika ndege ndogo za kawaida. Chombo kikishaanza kwenda, upepo unaopenya kutoka chini ndio unaoyazungusha mapanga ya juu. Injini ikizimika, mapanga huendelea kuzunguka na chombo hushuka taratibu.

Usalama huo ndio uliomsukuma mbunifu wake, mhandisi wa Kihispania Juan de la Cierva, aliyezaliwa Murcia mwaka 1895. Mwaka 1919 ndege yake ya injini tatu, iliyokusudiwa kuwa ya kudondosha mabomu, ilipunguza mwendo kupita kiasi ikiwa karibu na ardhi, ikaanguka. Ndege ya kawaida ina udhaifu huo: ikienda polepole mno, mabawa hushindwa kuibeba. Cierva akaona kwamba dawa ni kuyafanya mabawa yenyewe yawe katika mwendo wakati wote, hata kama chombo kinakwenda kwa kasi ndogo.

Majaribio yake matatu ya mwanzo yalishindikana. Panga linaloelekea mbele hukutana na upepo mwingi na kunyanyua zaidi, ilhali lile linalorudi nyuma hunyanyua kidogo, hivyo chombo kikawa kinapinduka ubavu. Ufumbuzi ulikuwa bawaba, kifaa ambacho kila nyumba inacho mlangoni. Kila panga lilifungwa kwa bawaba kwenye shina lake, likapata uhuru wa kupanda na kushuka. Panga la mbele likipokea upepo mwingi huinuka, na kwa kuinuka hupunguza nguvu yake. La nyuma hushuka na kuongeza yake. Pande mbili zikalingana. Januari 1923, katika uwanja wa Getafe karibu na Madrid, rubani Alejandro Gómez Spencer aliirusha otojiro ya nne, nayo ikaruka vyema.

Serikali ya Uingereza ilivutiwa baada ya maonyesho ya mwaka 1925 huko Farnborough, na mwaka uliofuata kampuni ya Cierva ikaanzishwa nchini humo. Kampuni hiyo ilitegemea zaidi viwanda vya wengine, ikitoa leseni. Aina ya C.30 ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi: Avro ya Manchester iliunda 78, huku Focke-Wulf ya Ujerumani na Lioré-et-Olivier ya Ufaransa nazo zikiunda za kwao.

Otojiro za awali zilikuwa na mabawa mafupi ya kuongozea, ambayo hayakufaa kitu mwendo ulipopungua. Yaani rubani alinyimwa uongozi wakati ule ule alioununulia chombo hicho. Katika C.30 mabawa yaliondolewa. Badala yake rubani, aliyeketi kiti cha nyuma, alishika fimbo iliyoning'inia kutoka juu na kuyainamisha mapanga yote matatu kuelekea alikotaka kwenda. Mapanga hayo, yenye kipenyo cha zaidi ya meta 11 kwa pamoja, yangeweza kukunjwa nyuma ili chombo kiingie katika banda dogo. Kabla ya kuruka, klachi iliunganisha injini na mapanga ili yapate kasi ya kuanzia, kisha ikaachiliwa.

Jeshi la Anga la Uingereza lilinunua 12 kutoka Avro, zikapokelewa kati ya mwaka 1934 na 1935 kwa jina la Rota. Moja ilifungwa maboya badala ya magurudumu. Nyingi zilipelekwa Old Sarum, karibu na Salisbury, katika shule iliyofundisha ushirikiano wa ndege na majeshi ya nchi kavu. Matarajio yalikuwa kwamba chombo kinachoweza kwenda polepole kingekuwa jicho la wapiga mizinga, kikiwaeleza makombora yao yanaangukia wapi. Lakini injini ya nguvu za farasi 140 ilikuwa dhaifu kwa rubani, mwangalizi na vifaa vya redio kwa pamoja. Kazi hiyo hatimaye ilichukuliwa na ndege ndogo za mabawa ya kawaida.

Cierva hakuishi kuona vita. Desemba 9, 1936, ndege ya abiria aliyopanda katika uwanja wa Croydon, London, ilishindwa kupaa vya kutosha katika ukungu, ikagonga nyumba. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Vita vilipoanza, Uingereza ilikuwa imejenga vituo vya rada katika pwani zake. Kituo kikikosea mwelekeo wa adui, marubani wangetumwa mahali patupu. Ili kukihakiki kilihitaji chombo kilichokaa angani mahali panapojulikana, na ndege ya kawaida hupita haraka. Otojiro haisimami tuli kama helikopta, lakini iliweza kuzunguka polepole katika duara dogo juu ya alama moja huku mafundi wakilinganisha vipimo. Rota zilizosalia zilipewa kazi hiyo, na otojiro za raia zikachukuliwa kuongeza idadi. Mwaka 1943 kikosi chao kikapewa namba 529, na Agosti 1944 kikahamia karibu na Henley-on-Thames.

Kikosi hicho kilivunjwa Oktoba 1945. Otojiro kadhaa ziliuzwa kwa raia, na moja ya zile 12 za kwanza, yenye namba K4232, imehifadhiwa na makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza.