Sahani Haikupotea

Sogeeni, wanangu, niwasimulie ya juzi jioni.

Mpwa wangu wa Kidato cha Pili alikuwa kwenye kompyuta yangu akitafuta mtihani wa zamani wa Baiolojia ajipime. Akaupata, akabonyeza kitufe cha kupakua, akangoja. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Mara ya tatu akaniita huku sauti ikimtetemeka: "Shangazi, faili halionekani, na bando linaisha!"

Nikamuuliza, "Mama akipakua wali, unakwenda wapi?"

"Kwenye sahani."

Basi na kompyuta haimwagi chini. Neno ni lilelile, kupakua, na sahani ipo tayari: ni folda iitwayo Downloads. Windows na Mac zote zinayo tangu 2007, kwa hiyo hata kompyuta kuukuu ya shuleni kwenu huenda inayo.

Nilimwambia ashikilie Ctrl kisha aguse J. Kwenye Windows, ukiwa ndani ya Chrome, Edge au Firefox, vitufe hivyo viwili hukufungulia orodha ya ulivyopakua, kipya kikiwa juu. Macho yakamtoka. Yalikuwapo mafaili matatu: doc0417.pdf, lingine jina hilohilo likiwa na (1), na la tatu likiwa na (2). Kompyuta ilikuwa imemtii mara zote tatu, ikaongeza namba ili nakala mpya isiifute ya zamani. Yeye alikuwa akitafuta neno "Baiolojia", na aliyeliweka faili mtandaoni hakuliandika neno hilo kwenye jina.

Kando ya jina palikuwa na alama ndogo ya folda. Akaibonyeza, na hapo sahani yenyewe ikafunguka. Akafuta nakala mbili, akabonyeza F2 kwenye ile iliyobaki, akaiandika upya: Baiolojia mtihani wa zamani.

Nanyi mkikuta jina linaloishia na .crdownload kwenye Chrome, au .part kwenye Firefox, msilazimishe kulifungua. Wali huo haujaiva: ama bado unashuka, ama mtandao ulikatika katikati. Rudini kwenye orodha ileile mkaendelee.

Jambo moja linaninyima raha. Mkipakua kitu kwenye kompyuta ya steshenari, sahani inabaki palepale mezani, mbele ya mteja anayefuata. Nimewahi kukuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto nisiyemjua, jina lake na la mama yake, wazi kabisa. Nilikifuta. Nyie nakilini faili kwenye flashi, mfute lililobaki, kisha mmwage na pipa la taka la kompyuta, maana kilichofutwa hukaa humo kwanza.

Ilipofika saa mbili usiku, mpwa wangu alikuwa kwenye swali la sita, na amenikataza kuwasha redio.